Mpaka Ajue Kusoma

Kalunde mwanangu,

Barua za watu wazima huanza kwa kuulizana hali, lakini mimi sina haja ya kuuliza. Hali yako naisikia. Upo uani na bibi yako, anakusuka, na kila akivuta unapiga yowe kama kuku aliyeshikwa mguu, halafu mnacheka wote wawili. Mimi nimejifungia chumbani, nimesema kichwa kinaniuma, na si uongo sana. Karatasi nimeiweka juu ya sinia, na sinia nimeliweka magotini. Jua bado lipo. Kesho wakati kama huu utakuwa ndani ya treni ya Kigoma na baba yako mkubwa, mnakwenda kushuka Kaliua.

Sitakuandikia habari za kuoga, wala za nani umsalimie kwanza, wala jinsi ya kukaa mbele ya wakubwa. Bibi yako amekuwa akiyasema hayo wiki nzima, mpaka nadhani na mbuzi wameyashika. Nakuandikia jambo moja tu: kwa nini unakwenda. Huko watakuambia kwamba mama yako alikubali. Ni kweli, nilikubali kwa mdomo wangu, mbele ya watu. Lakini kweli hiyo ina nusu ya pili, na sitaki ukue ukiwa na nusu moja.

Baba yako Maganga alifanya kazi kwenye njia ya reli. Alikuwa mtu wa kucheka ovyo, na miguu yake ilikuwa mirefu kupita kila kitanda tulichowahi kuwa nacho. Watu wa kwao walipokuja kunioa walitoa mahari yote, ng'ombe wote waliotajwa, hawakubakiza hata jembe. Wakati ule nilijivuna. Na wewe utasikia wasichana wakijivuna hivyo hivyo, uwaache, wana haki yao. Ila ujue kwamba kwetu Wanyamwezi mwanamke akishatolewa mahari, watoto ni wa ukoo wa baba, na baba akifa wanabaki kuwa wa ukoo huo. Mimi nililijua hilo tangu sijavunja ungo. Nilikuwa nikiitikia kwenye ngoma za harusi za wenzangu nyimbo zinazosema hivyo, nikipiga na vigelegele, na sikuwahi kufikiri kwamba maneno yale yatakuja kunitafuta mimi.

Homa ilimchukua baba yako pale hospitali ya Kitete. Wewe ulikuwa na miaka minne. Matanga yalipokwisha, wazee wa Kaliua wakaniketisha wakanipa njia mbili. Ya kwanza, nirithiwe na Mihambo, kaka mkubwa wa baba yako, nihamie kwake pamoja na wewe. Ya pili, nirudi kwetu Itetemia mikono mitupu, na wewe ubaki kwao. Walisema kwa upole, walinipa na maji ya kunywa. Nikanywa maji, nikashukuru, na alfajiri nilikubeba mgongoni nikapanda treni bila kuaga mtu. Mpaka leo bibi yako ananicheka, anasema niliingia hapa nyumbani nimevaa viatu viwili vya mguu mmoja.

Haukupita muda, Mihambo akaja. Mjomba wako Yohana, unamjua hasira zake, akasema twende barazani kwa mtemi, haki ipatikane. Tukaenda. Mzee wa baraza aliyetupokea alimsikiliza Yohana mpaka akachoka, kisha akanigeukia mimi akaniuliza swali moja tu, kama mahari ilitolewa yote. Nikasema ndiyo. Nikaona jinsi alivyoshusha macho.

Akatuambia, "Kesi hii nikiiingiza ndani, nitaikata leo leo, na mnajua nitaikata vipi. Mmoja atatoka hapa na mtoto, mwingine atatoka na chuki. Mtoto mwenyewe atakuwa na jamaa upande mmoja na maadui upande mwingine. Nendeni kwanza mkasuluhishwe. Mkishindwa, mlango wangu upo."

Yohana alitoka pale anasonya. Alidhani tumefukuzwa. Mimi nilielewa kwamba yule mzee amenihurumia.

Ndivyo tulivyofika kwa Bi Tatu, kule mjini, mtaa wa Ng'ambo. Unamjua kama bibi wa chumvi anayekupa vipande vya sukari guru, lakini hujui kazi yake nyingine. Nyumba yake ni ya tangu zamani za misafara. Babu yake alikuwa akiwalaza wapagazi waliotoka Ujiji na waliokwenda pwani, na hadi leo watu wa Kaliua wakileta asali na nta mjini hulala kwake. Watu wa Itetemia nao chumvi wananunua kwake. Kwa hiyo si wetu wala si wao. Si Mkristo, sisi ni Wakristo, na watu wa Kaliua wana mizimu yao. Hakuwa na sababu ya kumpendelea yeyote, na huyo ndiye mtu anayetafutwa. Mtu akiwa ndugu wa upande mmoja, hata akisema kweli, upande wa pili watasikia undugu tu.

Alitukalisha sebuleni kwenye mikeka, akasema maneno ambayo nayakumbuka yote kwa sababu sikuyapenda.

"Mimi si hakimu. Sina askari, sina kitabu, na wala sina fimbo. Humu hakuna atakayeshinda, kwa hiyo asijichoshe mtu. Mtakayoyasema humu hayatakwenda barazani. Mkishindwana, mtaanza upya huko kama hamkuwahi kuja. Anayetaka kuondoka, mlango ule haujafungwa. Na neno la mwisho litakuwa lenu, si langu. Langu ni kahawa."

Nilifikiri, sasa huyu mama anatusaidia nini? Mimi nilitaka mtu mwenye fimbo. Nilitaka anyooshe kidole amwambie Mihambo, rudi kwenu. Mtu akiwa na uchungu hataki kusikilizwa, Kalunde, anataka kushinda. Nilikuwa hivyo, na kwa tabia yangu huenda nimebaki hivyo.

Yohana akaanza kusema kwa niaba yangu. Alisema vizuri, alitaja na wahenga. Bi Tatu akamwacha mpaka akameza mate, halafu akamuuliza, "Yohana mwanangu, wewe ndiye utakayelala bila mtoto?" Upande wa pili alikuwepo mzee mmoja aliyekuja na Mihambo, naye akataka kujibu. Bi Tatu akamgeukia, "Na wewe baba, ndiye utakayemlea?" Wote wawili wakapewa kahawa wakatolewa kibarazani, tukabaki mimi na Mihambo, watu wawili ambao jambo lilikuwa letu.

Tulipobaki, tukagombana. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika hapa. Naye akaniambia nimeiba mtoto wa watu usiku. Nikasema alfajiri si usiku. Bi Tatu alitutazama kama mtu anayesubiri maji yachemke, kisha akaniinua akanipeleka nyuma, kwenye ghala la chumvi. Wewe ulikuwa umelala mle juu ya magunia matupu, umefunua mdomo. Mihambo akaachwa sebuleni. Na Bi Tatu akaanza safari zake za kwenda na kurudi, anaburuta makubazi yake, sebuleni, ghalani, sebuleni, ghalani.

Kwangu aliuliza, "Unataka nini?"

"Namtaka mwanangu."

"Hilo hata jirani amelisikia. Nakuuliza unaogopa nini."

Sikuwa nimeulizwa hivyo na mtu yeyote tangu baba yako afe. Wote walikuwa wakiniuliza nitafanya nini. Nikamwambia naogopa kurithiwa kama jembe la marehemu. Nikamwambia na jambo la pili, kwamba naogopa utakwenda kule ukiwa mdogo, na siku nikija kukutazama utajificha nyuma ya mwanamke mwingine na kuuliza huyu mgeni ni nani. Nililia pale. Aliniacha nilie, alikuwa akiokota punje za chumvi sakafuni. Halafu akaniambia, "Nipeleke lipi kule, na lipi nibaki nalo?" Nikampa la kwanza alipeleke. La pili nikamwambia abaki nalo, na alibaki nalo. Mihambo hajalijua hadi leo.

Aliporudi, alikuwa anajizuia kucheka. Alisema Mihambo amempa ruhusa aniambie. Kumbe baba yako mkubwa naye hakuwa akitaka kunirithi. Alikuwa akiogopa wazee wake. Alisema, "Huyo shemeji mdomo wake naujua, na mke niliye naye ananitosha." Nilikuwa katika nguo za msiba, mwanangu, na nilicheka mpaka nikajishika ubavu. Jambo lile lililonikimbiza Kaliua lilikwisha hapo hapo, juu ya magunia. Barazani lisingekwisha, kwa sababu mbele ya watu Mihambo angesema anataka na mimi ningesema sitaki, na kila mmoja angeona aibu kurudi nyuma. Nimelifikiria sana jambo hilo miaka hii. Watu wawili wanaweza kugombania kitu ambacho hata mmoja wao hakitaki.

Laiti ningesema asante nikaondoka nikiwa bado nacheka. Lakini Bi Tatu alikwenda tena, na safari hii alirudi mwendo wa taratibu.

Akasema, mama yake Mihambo, yule bibi ambaye wewe umepewa jina lake, macho yake yameanza kuingia ukungu. Maganga alikuwa kitinda mimba wake. Kila treni ikilia anauliza kama Maganga ameshuka. Wanamwambia Maganga amekufa, anasema najua, halafu treni inayofuata anauliza tena. Siku ya maziko Mihambo alimwambia mama yake, ili anyamaze, kwamba mtoto wa Maganga atakuja kukaa naye. Ndilo neno lililomnyamazisha. Sasa mimi nimemchukua mtoto, na Mihambo hana la kumwambia mama yake.

Mimi nilikuwa nimekuja na hasira, na hasira ilikuwa inanishikilia vizuri. Habari ile ilininyang'anya hasira. Nilijaribu kuirudisha, nikajiambia wanadanganya, wameitunga. Lakini nilimjua yule bibi. Nilipojifungua wewe yeye ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto, na alikuwa akiniimbia kwa sababu niliogopa maji. Angekuwa adui ningejua pa kushika. Nilikaa pale juu ya gunia sina cha kushika.

Bi Tatu hakunisukuma, usije ukadhani hivyo. Alisema, "Ukitaka turudi barazani, tunarudi sasa hivi." Mimi ndiye niliyesema basi, atakwenda, lakini si sasa. Naye akauliza, "Mpaka lini?"

Hapo ndipo penye kosa langu, Kalunde, na ndipo nilipotaka kufika tangu nianze kuandika.

Kipimo cha kawaida kingekuwa mpaka ang'oe meno ya utoto, au mpaka aweze kubeba mtungi. Watu wote wangeelewa. Lakini mimi nilitaka kipimo kisichofika. Nilikumbuka jinsi nilivyojifunza kusoma mimi mwenyewe, kwenye darasa la katekista, miaka na miaka, kwa viboko, na mpaka leo nikisoma midomo inacheza. Siku zile wasichana wa upande wetu hawakuwa na darasa tena. Nikajiambia, binti wa Itetemia, jembe asubuhi, kuni jioni, huyu atasoma lini? Ataolewa kabla hajaijua A. Tukarudi sebuleni kwa Mihambo, nikasema kwa sauti ya upole kabisa, "Akae na mimi mpaka ajue kusoma. Kule kwenu hakuna shule, na baba yake alipenda asome."

Baba yako hakuwahi kusema lolote juu ya kusoma.

Mihambo akasema ni neno zuri. Alifurahi hata, maskini. Bi Tatu akanitazama. Akaniuliza, "Neno hilo umelipima?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mama Kalunde, kipimo hicho kiko kichwani kwa mtoto, hakiko mkononi kwako. Umelifikiria?" Nikasema nimelifikiria. Nilijiona mjanja kuliko wote mle ndani. Wakaitwa wale wawili wa kibarazani wakashuhudia, tukala chumvi kidogo kila mmoja kwenye kiganja cha Bi Tatu, ndiyo desturi yake, na tukaenda zetu. Njia nzima kurudi Itetemia nilikuwa nikikurusha juu na kukudaka.

Halafu ukaanza kukua.

Padri alipofungua darasa la wasichana, nikasema wewe una kifua, vumbi la chaki litakudhuru. Ulikuwa na kifua cha nyati. Kitabu changu cha sala nilikifunga kwenye kanga nikakiweka juu ya kichanja. Kanisani nilikusimamisha upande ambao hapakuwa na mtu mwenye kitabu. Niliona haya mwanangu, lakini haya haikunizuia. Nilikuwa nakunyima kitu ambacho nilikuwa nacho ndani ya nyumba, kama mama anayeficha chakula.

Siku moja nilikuwa nabangua karanga, ukaja na kigunia cha chumvi cha Bi Tatu, kilikuwa na maandishi. Ukaniuliza, "Mama, hii iliyo kama pembe za ng'ombe inaitwaje?" Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kukutuma maji. Neno sijui lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini ulikuwa umekaza macho, umetoa ulimi pembeni kama baba yako alipokuwa anafunga kamba za viatu, na nikasikia sauti yangu inasema, "Hiyo ni U." Ukazunguka nyumba nzima unapiga kelele U, U, U, mpaka mbwa akabweka.

Baada ya hapo sikuweza kuacha. Kila herufi niliyokupa ilikuwa inakusogeza Kaliua, nililijua hilo, na nilikupa. Nilikaa na kijiti changu mchangani nakuchorea, na bado nilikuwa nafurahi ulipopatia. Sijui kama kuna mtu mwingine amewahi kufurahi vibaya namna hiyo. Nilichoweza ni kukuambia usisome mbele ya watu, kwamba ni mchezo wetu wa siri. Ukauliza kwa nini, nikasema watu wana kijicho. Nilikufundisha kusoma na nikakufundisha kuficha, kwa siku moja.

Sasa unajua kwa nini sikushangilia siku ile baba yako mkubwa alipokuja kutusalimia. Alikuja kama anavyokuja kila mwaka baada ya mavuno, na asali, na safari hii alikuletea tende kutoka dukani, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Ulimwamkia vizuri, shikamoo baba mkubwa, akakupatia. Ukala tende moja, ukalikunjua lile gazeti, ukaanza kusoma tangazo la sabuni. Kwa sauti. Ulisahau mchezo wetu kwa ajili ya sabuni.

Mihambo akaweka kikombe chini. Hakutabasamu, hakunionyesha kwamba amenishika. Alisema taratibu, "Shemeji, mtoto anasoma."

Nikasema, "Amekariri tu, alisikia mahali."

Akaligeuza lile gazeti, akaweka kidole chake kwenye mstari mwingine. Yeye mwenyewe hajui kusoma, hakujua ameweka wapi. Ukausoma mstari ule wote, ukarudia neno moja ulilokosea, ukamaliza. Halafu ukanigeukia mimi nikusifu.

Nikasema, "Vizuri, mwanangu."

Nakuomba ukumbuke uso wangu wa wakati ule, kama uliuona. Nilisema kweli. Nisingependa ufike umri wa kuelewa mambo ukae mahali peke yako na kujiambia kwamba laiti ungefunga mdomo siku ile. Hukukosea kitu. Mtoto amesoma, ndivyo inavyopaswa. Aliyefunga kamba hiyo ni mimi, tena nilikuwa naringa wakati naifunga.

Juzi nilikwenda Ng'ambo. Hukujua, nilikuambia nakwenda mashine ya kusaga. Nilimwomba Bi Tatu atuketishe tena. Alimwita Mihambo, ambaye amerudi kukuchukua na amefikia hapo hapo kwake, tukakaa watatu, hakuna mjomba wala mzee. Nikasema yote. Nikasema kwamba nilipotaja kusoma nilikuwa nawahadaa. Mihambo alisikiliza, kisha akaniambia mama yake sasa haoni kabisa, na ameshaambiwa mtoto anakuja, na ametandika kitanda kwa kupapasa. Akauliza, "Shemeji, nikirudi peke yangu nimwambie nini?" Hakuniuliza kwa ubishi. Alikuwa anataka nimsaidie jibu.

Nikamgeukia Bi Tatu. Nikamwambia, fanya kitu. Alikuwa na machozi, yule mama mkavu. Akasema, "Binti yangu, niliwaambia siku ya kwanza sina fimbo. Mlifurahi wote. Mapatano wanayafunga wawili na wanayafungua wawili." Nikamwambia ingekuwa hukumu ningekata rufaa, ningekwenda hadi kwa Bwana Diisii, mkuu wa wilaya. Akasema, "Ingekuwa hukumu, mtoto ungempoteza ana miaka minne."

Ni kweli. Nimeigeuza huku na huku, ni kweli. Miaka yote hii, meno yako ya kwanza kung'oka, surua yako, ile siku uliyoanguka kisimani ukatoka unacheka, yote nimepewa na ile sebule ya Bi Tatu. Suluhu ilifanya kazi yake. Yule bibi atapata mtoto wa Maganga, mimi nimepata miaka, Mihambo na mimi tunasalimiana kama ndugu. Nikimtafuta mbaya wangu katika jambo hili simwoni. Mtu aliyehukumiwa anaweza kumlaani hakimu akapumua. Mimi nimlaani nani, na aliyesema ni mimi?

Nilichopata juzi ni hiki: kwamba utakuja kunitazama kila baada ya mavuno, akipatikana mtu wa kusafiri naye. Mihambo amesema kwa moyo safi. Lakini mimi ni mtu mzima, najua maana ya akipatikana mtu.

Na kuna kitu kimoja ambacho sote tulikisahau, hata Bi Tatu na masikio yake. Siku ile kila mtu aliulizwa anaogopa nini. Wewe ulikuwa umelala. Hakuna aliyekuamsha. Najua ungekuwa umeomba muwa, au ungelia kwa usingizi, ungesema nini wewe na miaka minne? Lakini hata juzi, una akili zako, unasoma gazeti, tulikaa tena watatu na hatukukuita. Nimeliona hilo nikiwa njiani kurudi, nikakaa chini kando ya njia kama mlevi. Kwa hiyo nakuuliza sasa, nimechelewa, najua. Unaogopa nini, Kalunde? Uniandikie. Karatasi nimekuwekea kwenye kikapu chini ya kanga ya bluu, na kalamu. Kama unaniogopa mimi, au umenikasirikia, hilo nalo uliandike. Usinifiche kama nilivyokufundisha.

Bibi wa Kaliua umpende. Sikuamrishi, nakuambia tu kwamba ni rahisi kumpenda, utaona. Akiuliza kama Maganga ameshuka, usimsahihishe. Na ukija kugombana na mtu huko, maana utagombana, una mdomo wangu, usikimbilie kumshinda. Muulize kwanza anaogopa nini. Mimi nilifundishwa hilo na mtu ninayempenda, na sijui kama limenisaidia au limenimaliza, kwa hiyo nakupa bila kukudanganya kwamba ni dawa.

Bibi yako amekwisha kukusuka. Nasikia unatafuta kioo, na muda si mrefu utagonga mlango huu. Niandike haraka.

Kesho, kabla ya kwenda stesheni, tutapita kwa Bi Tatu. Watakuwepo watu, na mjomba wako Yohana atakuwepo. Desturi ni kwamba mapatano yakitimia, yule anayetoa hutoa kwa mkono wake mwenyewe, asinyang'anywe. Nitakushika mkono niuweke kwenye mkono wa baba yako mkubwa. Bi Tatu ataniuliza mbele ya watu wote kama nimeridhia. Nisipojibu, au nikijibu nalia, suluhu itakuwa imeharibika, na watu wa Kaliua watakupokea kwa kinyongo ambacho wewe ndiye utakayekila. Kwa hiyo nitasimama wima. Utanisikia ninasema kwa sauti kubwa, bila kutetemeka, "Nimeridhia."

Mwanangu, usiniamini.

Mama yako